Gari Lenye Kitanda

Baba yangu alikuwa mtu wa mwisho mjini Likasi kuamini kwamba Wazungu wameenda likizo tu. Walipoondoka baada ya wanajeshi kupora mji, kila mmoja na sanduku lake na mbwa wake, yeye alisimama kando ya barabara akiwapungia mkono kama mtu anayetarajia zawadi. Mhandisi aliyekuwa mkubwa wake kazini hakuweza kuondoka na gari lake la kutembelea, akamwachia funguo. "Nakupa kwa sababu wewe peke yako hukuja kuniibia," alimwambia. Baadaye Mama alitueleza kwamba wiki ile Baba alikuwa kitandani na malaria.

Halikuwa gari la kawaida. Nyuma ya kiti cha dereva kulikuwa na kitanda cha watu wawili kilichofungwa sakafuni kwa nati, jiko la gesi lisilo na gesi, beseni la kuoshea vyombo lisilo na maji, kabati, meza ya kukunja na mapazia ya maua. Baba aliliita "la maison", yaani nyumba. Aliliegesha uani kwetu, kwenye kambi ya wafanyakazi, na kwa ajili yake Mama alilazimika kung'oa matuta yake ya mboga za lengalenga. Jumapili baada ya misa Baba aliwaalika majirani wakae ndani, madirisha yamefungwa vumbi lisiingie, wote wakitokwa jasho kwa heshima. Wakati huo viwanda vilikuwa vikilala kimoja baada ya kingine, mshahara umegeuka uvumi, na bukari, ugali wetu, tulikula mara moja kwa siku. Lakini tulikuwa na nyumba mbili, na moja ilikuwa na magurudumu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, umri wa kumwonea baba aibu kwa kila kitu, naye hakuninyima sababu.

Kiangazi kimoja alifika mchuuzi wa samaki aliyekuwa ametoka kaskazini kwa baiskeli, akaleta habari za Kambo. Kambo ndiye bibi yetu, mama yake Mama, aliyeishi kijiji kimoja mbele ya Mitwaba, huko ambako barabara yenyewe huuliza kama una haja ya kufika. Uvimbe uliokuwa kinenani mwake kwa miaka sasa ulikuwa umekua mkubwa, hatembei, na maumivu yakimshika anauma kitenge asipige kelele. Katika hospitali yetu alikuwa amebaki daktari mpasuaji mmoja tu, na mji mzima ulijua kwamba mvua zikianza atakuwa Afrika Kusini. Malori machache yaliyokuwa bado yanakwenda kaskazini yalipakia watu juu ya magunia.

"Mama yangu hatapanda juu ya magunia," Mama alisema.

Baba aliruka kutoka kitini. Nadhani alihuzunika pia, lakini furaha ndiyo iliyotangulia kuonekana. Hatimaye "la maison" ingesafiri.

Baba alikuwa msimamizi wa zamu kiwandani, na kiwanda kilipolala alitafuta watu wengine wa kusimamia, akatupata sisi. Alfajiri ya kuondoka alitupanga mimi na Mama kando ya gari, yeye amevaa kofia ngumu ya kazi na filimbi shingoni, akatuhutubia juu ya ajali. "Sécurité d'abord!" alisema, usalama kwanza, na kupuliza filimbi. Mama alikuwa ameshapanda na mfuko wake wa samaki wakavu wa ziwa Tshangalele, zawadi ya kijijini. Ndani kulikuwa pia na mapipa ya mazutu ya kuendeshea gari, ambayo Baba, yule mwaminifu, aliyapata kwa njia asizopenda tuzizungumze mezani.

Tukapita Bunkeya, kisha mji ukakoma kabisa, ikabaki miti na nyasi ndefu zilizoungua nusu, na barabara yenye mashimo ya kumzika mtu na baiskeli yake. Baba alikuwa ameniahidi tembo. Alisema mhandisi huko nyuma aliwaona kwa makundi, swala nao, na simba mmoja aliyekataa kuondoka barabarani. Sisi tuliona mbung'o, ambao walikuwa wengi na hawakuogopa mtu, na tuliona kizuizi cha askari, kamba iliyofungwa kwenye miti miwili, wakiuza nyama iliyokaushwa ya mnyama ambaye hawakutaka kumtaja. "Labda njo tembo yako hii," Mama aliniambia.

Kwenye maporomoko ya Kyubo Baba alisimamisha gari, akatoa viti vya kukunja na kuvipanga vitatu mbele ya maji, kama alivyosikia kwamba mhandisi hufanya. Alikaa na kuvuka miguu. Mimi nilikaa kwa sababu niliamriwa. Mama alibaki amesimama, mkono kiunoni.

"Mayi inaanguka," alisema. "Tunaisha kuona. Tuende."

Kama angeishia kwenye viti, ningemsamehe. Lakini Baba alikuwa na ugonjwa mmoja, na njia nzima uliendelea kumzidi: hakuweza kupita kijiji bila kufungua mlango wa nyuma. Popote tuliposimama kutia maji kwenye mashine, watu walikusanyika, naye aliwaingiza mmoja mmoja kama mtu anayeonyesha kanisa jipya. Hapa jiko. Hapa kabati. Hapa dirisha, fungua, funga. Askari wa kizuizi alijilaza kitandani na viatu vyake vya matope, Baba akamsifia uzito.

"Hii si mutuka," aliwaambia wote. "Iko nyumba kamili! Na hapa njo minye na muke wangu tunalalaka." Kisha alilipiga godoro kwa kiganja mara mbili, ili wasikie springi zinavyolia. Mama alikuwa akitazama upande mwingine, akihesabu miti.

Na njia ile ilikuwa na wachuuzi wa baiskeli, wabeba mafuta ya mawese na chumvi, ambao kwenye milima walitupita wakisukuma kwa miguu. Kila mmoja alikuwa ameonyeshwa kitanda. Kila mmoja alikwenda mbele na habari.

Tulipofika kijijini watu wote walikuwa nje isipokuwa Kambo. Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, alitupokea kwa makofi ya heshima, akamkalisha Baba kwenye kigoda, akaulizia safari, watoto, mji na kazi. Kisha akakohoa.

"Mukwe, tulisikia unakuya na nyumba."

"Ndiyo!" alisema Baba. "Maison complète!"

"Tulisikia iko na kitanda."

"Kitanda ya bantu babili! Ressort, springi ya Bulaya!"

"Kitanda yako na ya dada yangu."

"Yetu, ndiyo, kabisa!"

Mama alikuwa amefumba macho. Aliliona shimo kabla ya dereva.

"Bon," alisema Mjomba. "Sasa mama yetu ataingia mule namna gani?"

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Hawali pamoja, hawaitani jina, na hawalali chini ya paa moja. Kuhusu kukiona kitanda anacholala mkwe na binti yako, hilo halina hata maneno, ni aibu ya kumuua mtu akiwa amesimama. Gari halina shida. Mkwe anaweza kuendesha gari na mama mkwe akakaa nyuma, amegeuza uso, wote wakifika salama. Lakini Baba hakuwa ameleta gari. Kutoka Bunkeya hadi pale alikuwa ameapa mbele ya kila mwenye masikio kwamba ameleta chumba chake cha kulala.

Sijawahi kumwona mtu akigeuka haraka vile. "Lakini iko mutuka!" alisema, akaruka na kwenda kupiga teke gurudumu. "Angalia mipira! Angalia plaque ya namba! Nyumba gani iko na plaque?"

"Kule Mitwaba ulisema si mutuka. Bantu ba kinga banaisha kutuambia yote." Mjomba alisema bila hasira, na watu wawili wa kinga, wale wachuuzi wa baiskeli, waliokuwa wamekaa pale na mizigo yao wakatikisa kichwa kuthibitisha.

Kulikuwa na njia ya kutoka, na Baba aliijua vizuri kwa sababu aliikataa kwa miaka ishirini. Ukoo wa mke hupika, humwita mkwe, wanampa chakula naye anatoa zawadi zake, na kuanzia siku hiyo aibu inalegea, anaweza kula na kukaa na wakwe kama mtoto wa nyumbani. Waliwahi kumwita mara kadhaa. Alijibu kwamba yeye ni mtu wa kazi, mtu wa mjini, hana muda na mambo ya porini. Sasa mtu wa mjini alitaka mambo ya porini yafanyike mchana uleule.

"Mutu mwenye anapikaka njo mama mukwe mwenyewe," alisema Mjomba. "Anaweza kusimama?"

Nikatumwa mimi kwa Kambo. Walikuwa wamemhamishia kibanda cha ng'ambo ya kijito ili asimwone mkwe. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amelala kwa ubavu, magoti yamekunjwa, na alinuka dawa ya mizizi. Alinishika mkono, akanipapasa kidole kwa kidole. Nikamwambia Baba anasema ni gari.

"Baba yako anasemaka bintu mingi," alisema. Maumivu yalimshika, akauma kitenge, yakamwacha. "Mujukuu wangu, minye sitaingia. Nikufe na haya yangu, afazali. Bataniimba mpaka Manono." Kisha akanivuta karibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini kile kitanda, iko laini kweli?"

Nikasema ni laini.

"Eh," alisema Kambo, akafumba macho.

Niliporudi na jibu, Baba alianza kutoa hoja. Alizungumza kuhusu maendeleo. Alizungumza kuhusu daktari anayeondoka. Alimuuliza Mjomba kama anataka mama yake afe kwa ajili ya godoro. Watu walimsikiliza vizuri sana, na wakati wote huo hakuna kilichosogea. Mimi nilikuwa nimekasirika na kila mtu: na Mjomba na utulivu wake, na Kambo na haya yake, na zaidi na Baba, kwa kuwa bila mdomo wake tungekuwa tumeshageuza gari kurudi nyumbani.

Mama aliwapita wote. Aliingia kwenye gari, tukasikia vyuma vinagongana, akatokea mlangoni na spana ya Baba. Akapiga magoti, mbele ya kijiji kizima, akaanza kufungua nati za kitanda.

"Weye!" alisema Baba. "Unafanya nini?"

Nati ya kwanza ilitoka. Mama akaitupa nje kwenye vumbi.

"Ni cha mhandisi!" Baba alisema. Nati ya pili ikagoma. Mama aliivuta kwa nguvu zote, machozi yakimtoka, na hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa akilia tangu alipoingia. Baba alitazama kwa muda. Akavua kofia ngumu, akaivaa tena.

"Si vile," alisema. "Utaharibu filet, meno ya nati. Leta."

Akaichukua spana. Alifungua kitanda, na alipokimaliza Mjomba alisema kwa adabu kwamba jiko nalo ni kitu cha nyumba. Akafungua jiko. Likaja beseni. Likaja kabati. Mapazia yalitolewa na wanawake, ambao walikuwa na mahali pa kuyapeleka. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama ile fahari ya kambi yetu ilikuwa bati tupu lenye madirisha, na Mjomba alikuwa amejilaza kwenye kitanda cha springi chini ya ukingo wa paa lake, kuona tu kama kimeharibika. Aliendelea kuona hivyo mpaka tulipoondoka.

Wazee walilizunguka gari, wakachungulia ndani, wakakubaliana kwamba sasa ni mutuka.

Kwa kuwa lilikuwa gari la kumbeba mama mkwe, Baba hakuweza tena kulala ndani yake. Tulitandika majani na blanketi sakafuni, tukafunga kitenge nyuma ya kiti cha dereva, na Kambo akaletwa amefunikwa uso, akilalamika kwamba wanambeba vibaya. Njia yote ya kurudi wale wawili walikuwa na upana wa mkono mmoja kati yao, na hawakusemezana. Waliongea kupitia kwangu.

"Waambie bamukwe kuko shimo mbele," alisema Baba, kwa wingi wa heshima.

"Kambo, kuko shimo mbele."

"Mwambie mukwe, nimesikia."

"Baba, wamesikia."

"Mwambie pia, shimo ya nyuma hakuniambia."

Tuliposimama kulala, sisi watatu tulijifungia ndani, na Baba alijikunja nje kando ya moto, katika baridi ya usiku wa kiangazi cha kwetu inayong'ata hadi mifupani, na kofia yake kichwani. Nilimsikia akikohoa. Nilifurahi, nasema ukweli. Siku ya pili Kambo alianza kutapika na tumbo likawa gumu, na furaha yangu ikaisha. Baba hakusimama tena kumwonyesha mtu chochote. Alipita vijiji vilevile, watoto wakikimbia na kupiga kelele "Nyumba! Nyumba!", naye akikanyaga mafuta. Alikuwa anaogopa. Mama alikuwa amempakata mama yake kichwa, akimwambia tumefika, tumefika, kutoka mahali ambapo hata Bunkeya ilikuwa bado.

Hospitalini hakukuwa na machela wala mtu wa kubeba. Ngazi zilikuwa pale pale, ndefu kama zamani, zilizojengwa kwa ajili ya wagonjwa wenye afya. Mimi na Mama tulijaribu kumwinua Kambo, tukashindwa. Alipiga ukelele, wa kwanza tangu tuondoke. Tukamtazama Baba. Alikuwa amesimama mbele ya gari, mgongo kwetu, kama inavyotakiwa.

Alikuja kinyumenyume. Alirudi hatua kwa hatua, mikono nyuma, akipapasa hewa, hadi visigino vilipogusa kizingiti cha mlango, akachuchumaa. Kambo alivuta kitenge akajifunika kichwa chote. Mama akamlaza mgongoni mwa Baba. Wakapanda ngazi hivyo, mmoja akitazama juu mbinguni na mwingine asione kitu, watu wakiwapisha. Ukiwauliza wale wawili, hakuna aliyemwona mwenzake.

Hospitali ile ya kiwanda ilitibu wazazi wa mfanyakazi mwenyewe, haikutibu wakwe. Muuguzi mlangoni akauliza, "Huyu iko nani yako?"

"Mama yangu," Baba aliuambia ukuta.

Daktari alikuwepo. Alikuwa na kisu na mikono, na vingine ilibidi tuvitafute sokoni, glavu na uzi. Umeme wa bwawa la Koni ulikuwa unakuja na kuondoka unavyopenda, na jenereta ya hospitali haikuwa na tone. Baba alikwenda kwenye gari na mpira mrefu wa maji, akanyonya mazutu kwa mdomo wake, akatoa pipa la mwisho, kisha tangi lote. Alitema mate ya mazutu siku nzima. Gari lilisukumwa na vijana wa kambi hadi uani kwetu, na halikuwashwa tena, kwa kuwa baada ya hapo hakuna aliyekuwa na mafuta ya kuchezea.

Kambo alipona. Alipotoka hospitali tukamwandalia chumba, naye akacheka, akashika kidonda. Nyumba yetu ilikuwa paa la mkwe. Angelala wapi? Sote tuligeuka kulitazama lile bati uani.

Aliishi humo hadi mimi nikaolewa nikazaa. Alipanda lengalenga kuzunguka magurudumu. Alitundika mapazia yake mwenyewe, na Mama alimnunulia kitanda kidogo cha mbao. Baba, ambaye aliwahi kuwatembeza majirani wote mle ndani, hakukanyaga tena hata ngazi yake. Akitaka kupita kwenda chooni alizunguka nyuma ya nyumba akiimba kwa nguvu ili bamukwe asikie na kujificha. Ile karamu ya wakwe Kambo alikuwa tayari kumpikia, maana sasa alisimama. Baba alisema mwaka kesho. Nadhani alishaizoea aibu yake.

Njaa ilipozidi tuliuza redio, baiskeli, viti vya maporomoko na kofia ngumu. Mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi alilitaka gari, alete mashine nyingine, alifanye mgahawa. Alikuja mara nyingi, na kila mara na kitu kikubwa zaidi mkononi. Mama aliondoka uani. Baba alimsikiliza, akamwambia si lake, kuna mwenyewe, na mwenyewe amelala.

Kambo alikufa asubuhi ya mvua, mzee, bila maumivu, akiwa na kinyongo kidogo tu na jirani. Baada ya matanga Mama alisafisha gari, akakunja mapazia, akamwambia Baba kwamba sasa basi, hakuna wa kumwonea haya, nyumba yake imerudi kwake.

Baba alikwenda. Alichomekea shati. Alisimama mbele ya mlango ule wa bati, tukimtazama kutoka jikoni, na nikaanza kucheka, kwa kuwa alikuwa amekunja ngumi, akagonga taratibu.

"Odi," alisema.

Mama akanipiga kofi la mgongo, mimi mtu mzima na mtoto kifuani. Baba alingoja. Aligonga tena. Ndani hakukuwa na mtu wa kumjibu, naye, kwa adabu aliyojifunza uzeeni, hakuingia.